Maneno Mawili ya Kuhani Eli

Ingia ibada ya Jumapili katika makanisa mengi ya Mombasa, iwe Mikindani, Bamburi au Likoni ng'ambo, na kabla mahubiri hayajafika kati utasikia: "Natamka! Nakataa! Napokea!" Mhubiri atatamka, waimbaji watatamka, na jirani yako ataambiwa akugeukie akutamkie. Andiko linalobeba yote hayo ni Mithali 18:21: "Mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi, na wao waupendao watakula matunda yake." Nanukuu Biblia ya Muungano, ile ya 1952, maana ndiyo wengi wetu tuliyokariri tangu Sunday School.

Kazi yangu ni kufundisha Neno na kukaa na wanandoa na wazazi katika ushauri, na andiko hilo naliamini lote. Kinachonisumbua ni jinsi tunavyolihubiri kana kwamba liliandikiwa magari, viza na ploti. Hebu soma sura nzima. Mstari wa 8 unamtaja mchongezi, ambaye maneno yake hushuka tumboni kwa utamu. Wa 13 unasema, "Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake." Wa 17 uko kwenye kesi, pale anayetangulia kujieleza anapoonekana ndiye mwenye haki mpaka mwenzake aje amhoji. Wa 19 ni ndugu aliyekosewa na jinsi ilivyo vigumu kumrudisha. Ni sura ya nyumbani, barazani na mahakamani. Uzima na mauti inayosema humpata mtu mwenye masikio, aliyekaa karibu nawe.

Mafundisho haya ya kukiri ili upate, yaani kutamka unachotaka ukiamini kwamba kutamka ndiko kutakupatia, yalienezwa sana na wahubiri wa Marekani, mmoja wao Kenneth Hagin, aliyefariki 2003, na yakatufikia huku kwa vitabu vidogo, kaseti na mikutano ya Injili. Nguzo yao nyingine ni Marko 11:23, pale Yesu anaposema kwamba mwenye imani akiuambia mlima ung'oke utupwe baharini, itakuwa. Siupunguzi mstari huo hata kidogo. Naomba tu usomwe pamoja na majirani zake. Unaotangulia unasema, "Mwaminini Mungu." Mistari miwili mbele Yesu anasema, "Nanyi, kila msimamapo na kusali, sameheni, mkiwa na neno juu ya mtu." Kwa hiyo ahadi ya mlima imekaa katikati ya kumwamini Mungu na kumsamehe mtu. Ukiung'oa kutoka hapo, unabaki na sauti kubwa tu.

Andiko ninalorudi kwake zaidi ya yote katika jambo hili ni 1 Samweli sura ya kwanza. Sijui sura nyingine inayoonyesha kazi ya maneno kwa ukaribu namna ile. Mwanamke aitwaye Hana hajajaliwa mtoto. Penina, mke mwenzake, anamchokoza mwaka baada ya mwaka, tena wakati wa safari ya kwenda Shilo kuabudu, mpaka Hana analia na chakula hakishuki. Mumewe Elkana anampenda kweli, lakini anamuuliza: kwani mimi si bora kwako kuliko watoto kumi? Nimewasikia waume wengi wema wakisema maneno ya namna hiyo. Ni swali la mtu anayetaka kilio kiishe, na Hana hakulijibu.

Kisha Hana anaomba. Midomo inatikisika, sauti haisikiki. Ombi kubwa kuliko yote katika kitabu kile, lililomleta Samweli, halikusikiwa na sikio la mwanadamu hata mmoja. Mwenye kufundisha kwamba usipotamka kwa sauti Mungu hatendi, na aketi na mstari wa 13 wa sura hiyo kwanza.

Na hapo ndipo Eli anapofungua kinywa. Yeye ni kuhani, ameketi kitini pake penye mwimo wa mlango wa hekalu, anamwangalia mama huyu, na neno lake la kwanza kwake ni kumwita mlevi. Utalewa mpaka lini? Weka mbali divai yako. Tazama Mithali 18:13 ikitimia: amejibu kabla hajasikia. Kama Hana angeondoka wakati ule, angeondoka na jeraha la Penina nyumbani na jeraha la kuhani kanisani. Wangapi wameondoka hivyo kwetu? Mama asiyejaaliwa mtoto, tayari mawifi wamemsema vya kutosha, anakuja madhabahuni akaambiwa tatizo ni imani yake haba, kwamba hajakiri sawasawa. Nimewapokea akina mama wa aina hiyo, na kabla ya kuzungumza habari ya mtoto huwa tunatumia muda mrefu kuondoa maneno waliyoambiwa kanisani.

Hana anajieleza kwa heshima: hapana, bwana wangu, sikunywa, nimemimina roho yangu mbele za Bwana. Eli naye, ambaye kosa lake limewekwa wazi, anasema neno la pili: "Enenda kwa amani." Anamwombea Mungu wa Israeli ampe alichoomba. Hamuulizi ameomba nini. Hampi maneno ya kukiri wala hamdai sadaka. Anajiunga tu na ombi lake. Na mstari wa 18 unasema mama yule akaenda zake, akala, na uso wake haukukunjamana tena. Alikuwa bado hajapata mimba! Bado hata hawajatoka Shilo kurudi Rama. Kilichobadilika kati ya kufunga kwa machozi na sahani ya chakula ni kumwaga moyo wake mbele za Mungu, na neno moja kutoka kinywa kilekile kilichokuwa kimemuumiza.

Hapa niguse ugonjwa, maana umegharimu watu wetu. Wapo wanaoamini kwamba kusema "naumwa" ni kuupa ugonjwa ruhusa. Mtu ana sukari au presha, anakaa nyumbani akisema ni mzima katika jina la Yesu, na dawa zimebaki kliniki. Ndugu zangu, Yakobo 5:14 inamwagiza aliye mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Utawaitaje bila kusema unaumwa? Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizika gizani, na imo ndani ya Biblia. Bwana wetu mwenyewe kule Gethsemane aliwaambia wanafunzi wake kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Hakuna aliyethubutu kumwambia akatae kukiri hivyo. Kusema ukweli wa maumivu yako mbele za Mungu na mbele ya daktari ni imani.

Jambo lingine ambalo huku Pwani halikwepeki ni radhi na laana za wazazi. Watu wazima wenye wajukuu huja wakinong'ona kwamba marehemu mama alisema, "Hutaona raha duniani," na tangu siku hiyo kila biashara ikianguka wanasikia sauti yake. Silicheki jambo hilo, maana neno la mzazi ni zito. Esau alilia kwa uchungu kwa sababu alijua uzito wa baraka aliyoikosa. Lakini Mithali 26:2 inasema laana isiyo na sababu haimpigi mtu, ni kama shomoro anayetangatanga. Balaamu, aliyeitwa kwa ujira kuja kulaani, aliuliza atamlaanije yeye ambaye Mungu hakumlaani. Anayekwambia utoe sadaka maalumu ili laana ya mamako ivunjwe anakuuzia kitu ambacho Kristo amekwisha kulipia. Usimpe hata shilingi.

Kwa wazazi walio hai, nina kazi ninayowapa. Ile saa ya asubuhi, uniformu haijakauka, matatu inapiga honi, mtoto hajapata kiatu kimoja, ndipo hutoka "mjinga wewe", "huna akili kama babako", "utaishia kuwa chokoraa." Mama mmoja aliniambia, "Mchungaji, hizo ni hasira tu, simaanishi." Nikamwambia, "Mama, mtoto hana mahali pa kutenganisha hasira na maana. Anayabeba yote hadi shule." Kwa hiyo nawaomba wasimame mlangoni, mkono juu ya kichwa cha mtoto, waseme Hesabu 6:24 hadi 26 kwa sauti na jina lake likiwemo: Bwana akubarikie na kukulinda. Haichukui hata nusu dakika. Mara nyingi akina baba ndio huona haya zaidi, pengine kwa sababu na wao hawakuwahi kufanyiwa.

Na kama neno baya limeshatoka, fuata utaratibu wa Eli. Alimtukana Hana pale mlangoni pa hekalu, na alimbariki palepale, hakumtumia mtu wala hakungoja siku nyingine. Ukimvunjia mkeo heshima mbele ya dada zako, usimwombe msamaha chumbani gizani. Waite dada zako wakiwa wamekaa, useme nao wakisikia. Ukimwita mtoto mwizi mbele ya wapangaji wa ploti nzima kisha pesa ikapatikana chini ya godoro, toka uani useme kwa sauti ileile kwamba hakuiba, na umwombe radhi.