Saa za majira ya joto mwaka mzima: yanayosemwa Marekani na ukweli wake

Kila Novemba, Wamarekani wakirudisha saa nyuma na giza kuingia mapema, swali huwa lilelile: kwa nini tusibaki na saa za majira ya joto moja kwa moja? Hizo ni saa zinazosogezwa mbele kwa saa moja kuanzia Machi hadi Novemba; miezi mingine hutumika saa za kawaida.

Dhana: Tutapata mwanga zaidi.
Hakuna mwanga unaoongezeka. Saa moja ya mwanga inatolewa asubuhi na kupelekwa jioni, na ugumu wake unategemea unakoishi. Detroit iko upande wa magharibi wa ukanda wake wa saa. Mwanzoni mwa Januari jua huchomoza huko kama saa 2:01 asubuhi. Kwa saa za majira ya joto ingekuwa saa 3:01, wakati wanafunzi wengi wameshaingia darasani. Boston, iliyo mashariki ya ukanda huohuo, ingeliona jua kama saa 2:13. Ndiyo maana mpango huu humpendeza wa Boston kuliko wa Detroit.

Dhana: Haijawahi kujaribiwa.
Imejaribiwa, tena nchi nzima. Mafuta yalipoadimika, Rais Nixon alitia saini sheria Desemba 1973, na saa zikasogezwa mbele tarehe 6 Januari 1974. Mpango ulikuwa udumu hadi Aprili 1975. Watoto wakawa wanakwenda shule gizani, wazazi wakalalamika, na Bunge likairekebisha sheria; Oktoba 1974 saa zikarudishwa nyuma. Urusi nayo ilianza kubaki na saa za majira ya joto mwaka mzima 2011, ikaachana nazo 2014.

Dhana: Inaokoa umeme mwingi.
Indiana ilipoanza kubadilisha saa jimbo zima mwaka 2006, watafiti walilinganisha matumizi ya umeme majumbani wakakuta yamepanda kwa takriban asilimia 1. Taa ziliwaka kidogo, lakini viyoyozi vilifanya kazi zaidi jioni. Wizara ya Nishati ilikadiria kuwa kurefusha msimu wa saa za majira ya joto kuanzia 2007 kuliokoa asilimia 0.03 tu ya umeme wa mwaka.

Dhana: Saa za majira ya joto zilianzishwa kwa ajili ya wakulima.
Wakulima ndio waliozipinga, na mwaka 1919 wakafanikiwa kufanya sheria yake ifutwe.

Dhana: Jimbo linaweza kujiamulia.
Nusu tu ni kweli. Sheria ya 1966 inaruhusu jimbo kubaki na saa za kawaida mwaka mzima, kama Hawaii na sehemu kubwa ya Arizona. Kubaki na saa za majira ya joto kunahitaji idhini ya Bunge la nchi. Florida ilipitisha sheria yake 2018, na bado inabadilisha saa. Katika Bunge hilo, Seneti ilikubali saa za majira ya joto za kudumu Machi 2022, lakini Baraza la Wawakilishi halikupiga kura.

Dhana: Shida ni kule kubadilisha tu.
Kubadilisha kunachosha, kweli. Lakini mwanga wa asubuhi ndio unaoiweka sawa saa ya mwili, na mwanga wa jioni huchelewesha usingizi. Kwa sababu hiyo madaktari wa usingizi wa Marekani hupendekeza saa za kawaida za kudumu. Anayetaka kuacha kubadilisha ana njia mbili, na mjadala huzungumzia moja tu.

Kwa wenye ndugu huko: saa 3 asubuhi ya New York ni saa 11 jioni Nairobi na Dar es Salaam wakati wa baridi, na saa 10 jioni wakati wa joto. Mkipanga kikao, wekeni kwenye kalenda ya simu ukanda wa “New York”, msihesabu tofauti kwa vidole. Kalenda itajirekebisha yenyewe Machi na Novemba.