Saratani ya umio inapojificha chini ya utando wa tumbo

Mzee mmoja alivuka feri kutoka Likoni kuja kuniona, bahasha ya picha kwapani. Saratani ya umio, njia ya chakula toka kooni hadi tumboni, alitibiwa miaka minne nyuma kwa mionzi na dawa za kemikali, ikapotea, akarudia wali wake. Sasa akila matonge mawili matatu ameshiba, na mwili unamwisha. "Daktari, mwezi jana nimepitishwa kamera kooni, nikaambiwa tumbo safi. Mbona basi chakula hakipiti?"

Chini ya utando wa umio kuna mishipa midogo ya limfu, majimaji ya mwili, inayokwenda kwa urefu, mpaka kwenye mfuko wa tumbo. Seli za saratani zaweza kuteremka humo hata kabla ya matibabu, zikatulia chini ya utando wa tumbo, zikaanza kukua baadaye. Au mitoki, vifundo vidogo vya kuchuja limfu, iliyo kando ya tumbo huvimba, saratani ikatoboa ukuta kutokea nje. Kamera huona utando, na utando waweza kuwa mzima kabisa juu ya uvimbe. Tena kipande tunachodonoa kwa koleo ni cha juujuu. Maabara wakisema hawakuona kitu, hawakuona kitu katika kipande kile. Hapo mimi hutaka sitiskani, picha ya mashine inayoonyesha mwili kwa ndani, na ikipatikana, altrasaundi inayoingizwa pamoja na kamera ili sindano ifike chini.

Jambo hili ni nadra. Saratani ya umio ikirudi, aghalabu hurudi ndani ya miaka miwili mitatu ya mwanzo, kwenye mitoki, ini, mapafu, au palepale ilipoanzia. Na aliyepasuliwa, tumbo likavutwa kifuani liwe umio mpya, chakula kikimkwama mara nyingi ni kovu la mshono, hupanuliwa kwa puto. Sitaki mtu akose usingizi kwa kila kiungulia.

Ila nawaomba sana, tunzeni majibu ya maabara ya mwanzo. Saratani ya umio iliyo nyingi hapa Kenya huanzia kwenye seli bapa, zile nyembamba zinazotanda ndani ya umio. Utando wa tumbo ni wa seli za aina nyingine, za tezi. Nikikuta saratani ya seli bapa tumboni, karibu kila mara imetoka kwingine, na matibabu hufuata kule ilikotoka.

Karatasi za majibu za yule mzee zilikuwepo zote, mkewe kazifunga ndani ya leso. Sindano ikatoa seli zilezile. Mahali pengine popote mwilini skani haikuonyesha kitu, na wiki hii tumeanza dawa.