"Jengo halikimbii"

Wiki hii nimeambiwa tena: "Siasa zikichafuka, weka pesa kwenye maduka, jengo halikimbii." Kweli halikimbii, na hapo ndipo penye balaa. Hisa utaiuza asubuhi. Jengo la maduka mtabaki nalo palepale, wewe na deni lako.

Kazi yangu ni kuthamini majengo ya biashara. Watu hudhani kwamba maadamu wapangaji wanalipa, thamani imetulia. Haya, tupige hesabu. Jengo linaingiza 100,000 kwa mwaka, gharama zikishatolewa. Nchi ikiwa shwari, mnunuzi anaridhika na faida ya asilimia 5 ya bei kwa mwaka: bei ni 2,000,000. Uchaguzi ukileta mashaka na riba ikapanda, mnunuzi yuleyule anadai asilimia 7. Bei imeshuka hadi 1,430,000 hivi, wala hakuna mpangaji aliyehama au kuchelewesha senti. Kama ulikopa 1,200,000, mtaji wako wa 800,000 umebaki kama 230,000. Simu ya benki iko njiani.

Na hiyo 100,000 yenyewe! Mmiliki ananiletea mkataba wa miaka mitano wenye kodi nono, huku amekalia barua ya pembeni inayompa mpangaji miezi sita bure. Miezi sita katika sitini ni asilimia 10 ya mapato, na bado hatujataja makabati na taa alizomlipia. Kwa nini asipunguze tu kodi? Kwa sababu bei ya jengo hukokotolewa kwa kodi ya kwenye karatasi. Hila hiyo naielewa, pengine hata mimi ningeijaribu. Ila usiniambie ni mapato.

Kodi ya pango inayotozwa kwa dola nayo si kinga. Mpangaji anauza kwa sarafu ya nyumbani. Ikiporomoka, hatari uliyomtwika inakurudia kwa jina la malimbikizo ya kodi.

Waingereza walipopiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, Juni 2016, mwezi uliofuata mifuko kadhaa mikubwa ya uwekezaji katika majengo ilisitisha kurejesha pesa za wawekezaji. Hakuna ukuta uliokuwa umeanguka. Watu walitaka pesa zao leo, na jengo huuzwa kwa miezi.

Nikiri jambo. Nyakati kama hizo mauzo hukauka, nami hukadiria kwa kulinganisha mauzo. Ile asilimia 7 ningeweza kuiandika 6.5 au 8, na nikaitetea kwa uso mkavu. Naandika moja tu na kugonga muhuri, maana benki haipokei ripoti yenye bei tatu.