Usimwombe patroni msaada, mpelekee hesabu

Kila wiki ofisini kwetu hapa Lubumbashi huingia mtu na maneno yaleyale: "Papa, nataka kufuata kozi, lakini patroni hataki kusikia." Nikimuuliza alimwambia nini huyo patroni, yaani mwajiri wake, nasikia kwamba alimsimamisha kwenye korido, akamwomba amsaidie. Kumsaidia! Msaada hutolewa na mwenye huruma, na huruma hupungua sana mwisho wa mwezi, siku za kutafuta feza za mishahara.

Wengi hawajui kwamba hawaombi zawadi. Sheria ya Kazi ya nchi yetu ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka kila mwajiri, awe wa serikali au binafsi, ahakikishe watu wake wanafundishwa na kuendelezwa katika kazi yao. Tena mwajiri anadaiwa mchango wa INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964. Mchango huo hupigwa juu ya jumla ya mishahara: asilimia 3 kwa kampuni binafsi yenye wafanyakazi hadi 50, asilimia 2 ikiwa nao 51 hadi 300, asilimia 1 wakizidi hapo. Mshahara wako haukatwi kitu. Mwajiri ndiye anayetoa.

Chukua gereji ya malori kwenye njia ya Kasumbalesa, mji wa mpakani na Zambia. Watu 20, kila mmoja kwa wastani dola 200. Mishahara ni dola 4,000, mchango ni dola 120 kwa mwezi, dola 1,440 kwa mwaka. Mwenye gereji anaiona kama kodi nyingine tu, analipa huku akinung'unika, na hajawahi kutuma hata kijana mmoja kujifunza. Hapo sisemi kwamba kila kozi ni ya bure kwa sababu mchango umelipwa. Nenda INPP mwenyewe, uliza kozi zilizopo, muda wake, na masharti kwa kampuni inayochangia, kabla ya kufungua mdomo kazini. Na ukishajua, usiingie kwa patroni kama mpelelezi wa michango yake. Kama hajalipa, utamtia hofu, na mtu mwenye hofu hasaini karatasi.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Nikiwa karani kijana katika kampuni moja ya usafirishaji mjini humu, niliandika barua ya kurasa mbili kuomba kozi ya uhasibu. Niliandika juu ya ndoto zangu, wazazi wangu, hamu yangu ya kupanda cheo. Barua ilirudi baada ya majuma matatu. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kulikuwa na neno moja: "Vu." Imeonekana. Niliikasirikia miaka mingi, mpaka siku nilipoisoma tena na kutafuta mstari mmoja unaoihusu kampuni. Haukuwamo.

Sasa turudi kwenye ile gereji. Malori ya siku hizi injini zake zinaongozwa na kompyuta. Taa ya hitilafu ikiwaka, funguo na nyundo havisomi kitu. Anaitwa fundi wa nje mwenye kifaa chake, na lori linasimama likimngoja. Fundi mwenye akili hufungua daftari, kwa miezi mitatu anaandika lori gani, siku ngapi, feza ngapi. Kisha barua yake, hii niliyoitunga kwa mfano, inakuwa fupi:

"Patroni, kwa heshima. Kuanzia Juni hadi Agosti malori manne yalisimama kwa hitilafu za umeme wa injini, jumla siku 11. Fundi wa nje tulimlipa dola 520. Kozi ya kupima injini kwa kompyuta ni dola 300, alasiri tatu kwa juma, majuma sita. Alasiri hizo mwenzangu atashika nafasi yangu, nami nitaingia kazini saa kumi na mbili asubuhi. Nikimaliza nitamfundisha yeye pamoja na kijana wa staji anayejifunza kazi kwetu."

Hakuna ndoto humo ndani. Kuna siku 11, na patroni anajua lori lililosimama siku moja linamla kiasi gani kuliko hata huyo fundi anavyojua.

Atakachojibu, katika mji huu, nakifahamu kabla hajakisema: "Nikufundishe, halafu kampani ya machimbo ikuchukue?" Usicheke, wala usiape kwa jina la mama yako. Ni hofu ya haki; gereji nyingi zimepoteza mafundi wao wazuri kwa namna hiyohiyo. Itangulie kwa kumpa kitu kilichoandikwa. Kwa kozi ile ya dola 300, mnaweza kukubaliana kwamba ukiondoka kwa hiari yako kabla ya miezi 12 utarudisha sehemu, na deni linapungua dola 25 kila mwezi unaobaki. Mwezi wa nane, limebaki dola 100. Iandikwe pia kwamba akikuachisha yeye kwa kupunguza watu, hakuna deni. Isaini mbele ya delege, yaani mwakilishi wa wafanyakazi, kama yupo. Lakini breve yako, yaani cheti cha kozi, usiikubali ifungiwe kwenye kabati lake kama dhamana. Mpe fotokopi.

Wakati nao una maneno yake. Oktoba ni bora kuliko Januari, maana bajeti ya mwaka mpya bado haijafungwa. Na usiende siku ya kulipa.

Akikataa kutoa feza, omba saa. Patroni asiyeweza kutoa dola 300 huenda akaweza kukuachia alasiri tatu, na kozi ukalipia mwenyewe kidogokidogo. Akisema "tutaona", mwulize kwa upole: tutaona mwezi gani? Andika jibu lake kwenye daftari lilelile la malori. Barua nayo ipeleke nakala mbili, sekretari agonge muhuri na tarehe kwenye moja, nawe urudi nayo nyumbani.