Mwanafunzi mgeni naye apewe jembe

Makanisa mengi hapa Nairobi yakitaja umisheni, mawazo huruka hadi Turkana na Marsabit, au nje ya nchi kabisa. Kamati inakaa, sadaka maalum inatolewa, mmishonari anawekewa mikono na kuagwa. Ni kazi njema, siibezi. Ila mimi ni mlezi wa wanafunzi wa kigeni, na mataifa yananijia yenyewe yakiwa na begi na barua ya chuo. Wengi ni wa Sudan Kusini, Burundi, Kongo na Somalia.

Huduma hii si ya jana. Huko Marekani, John R. Mott na wenzake wa YMCA, chama cha vijana Wakristo, walianzisha kamati ya kuwahudumia wanafunzi wa kigeni mwaka 1911. Sisi wenyewe tumeonja ukarimu wa namna hiyo. Wangari Maathai alipokwenda Marekani mwaka 1960, katika safari za wanafunzi zilizopiganiwa na Tom Mboya, alisomea biolojia kwenye chuo cha masista Wabenedikto mjini Atchison, Kansas. Hakwenda kule kuongoka. Ukatoliki aliondoka nao nyumbani. Wenyeji wengi hulisahau hilo. Kijana wa Juba aliyekulia kanisani wakati wa vita huenda akaijua Zaburi kuliko mzee wa kanisa anayempokea.

Wiki ya kwanza hatuhubiri. Tunasajili laini ya simu, tunapanga foleni Nyayo House kwa ajili ya kibali cha mwanafunzi, tunamwonyesha matatu ya kupanda na nauli asiyopaswa kupita. Mrundi au Mkongomani aliyesoma kwa Kifaransa huhangaishwa sana na mihadhara ya Kiingereza, kwa hiyo Biblia tunaisoma kwa Kiswahili makusudi. Hapo Mkongomani hufunguka, hata kama Kiswahili chake cha Bukavu huwachekesha wenyeji (nao chao humchekesha yeye).

Kwa Mwislamu, mambo yote husemwa tangu mwaliko: sisi ni kanisa, tutaomba kabla ya kula, nyama imetoka bucha ya halali, na asipotaka kurudi tena, msaada wa kibali utaendelea vilevile. Nimeona mialiko inayojiita "jioni ya utamaduni" huku mhubiri akisubiri nyuma ya pazia. Huo ni mtego, na mwanafunzi anayenaswa hivyo huwaonya wenzake wote, tena kwa haki.

Tunapokosea zaidi ni baada ya mapokezi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tunamkalisha kiti cha mbele na soda mwaka mzima. Binti mmoja wa Sudan Kusini alikuja ibadani muhula mzima bila kusema zaidi ya "nzuri". Akina mama wa jikoni walipomwomba apike, alileta kisra, mkate mwembamba wa mtama, na mchuzi wa bamia, akasimama mlangoni akiwafundisha watu kuchota kwa mkono, mzee mmoja akikatazwa kijiko mbele ya wote. Jumapili iliyofuata alifika mapema kuwauliza akina mama zamu yake ni lini.

Kipimo kingine ni Desemba. Wakenya huenda mashambani, hosteli hubaki tupu, kantini hufungwa, na asiye na nauli ya kurudi kwao hula mkate chumbani. Familia moja ikimchukua hadi Nyeri au Kakamega, akachinjiwa kuku na kutumwa maji kama watoto wengine, imefanya kazi ambayo semina zangu haziwezi.

Kisha kuna kurudi kwao, ambako bajeti zetu hazina hata mstari. Maathai alirejea mwaka 1966 akiwa na ahadi ya kazi, akakuta kazi amepewa mwingine. Wahitimu wetu hukutana na hayo, na zaidi: kanisa la nyumbani huwaona wamejifanya Wanairobi, mjomba anataka mshahara ambao haupo. Kwa hiyo muhula wa mwisho tunazungumza kuhusu pesa, ndoa na ukoo, kisha tunamtafuta mchungaji wa kule kwa simu, tukimtajia kazi aliyoifanya kijana huyu kwetu, ili naye ampe ya kufanya.