Je, wajua kwa nini kavad, kisanduku cha wasimulizi wa India, ina milango mingi na haina rafu hata moja?

Kavad ya kwanza niliyoiona ilikuwa pichani, kwenye tangazo la vitu vya kale. Kijisanduku cha mbao, chekundu kote, kimechorwa miungu ya Kihindu, wapanda farasi na wanawake wenye vyungu kichwani. Milango yake ilikuwa imekunjuliwa kulia na kushoto kama mbawa, na chini kulikuwa na kidroo. Muuzaji alikiita kabati. Mimi nikaongeza langu: hili ni kabati la viungo, nikasema, milango inazuia unyevu na kidroo ni cha iliki. Nilikuwa na uhakika kiasi cha kuwaeleza wenzangu, na kwa muda mrefu hakuna aliyenipinga.

Kilichonishtua ni picha ya pili, iliyopigwa kwa mbele. Milango yote ilikuwa wazi, na nyuma yake hapakuwa na nafasi ya kuweka hata kijiko. Hakuna rafu. Ukifungua mlango unakuta mlango, ukifungua huo unakuta mwingine, na ukifika mwisho unakuta ubao wenye sanamu tatu. Seremala gani anatengeneza kabati la milango mitupu?

Tuanze na jina, maana sikio la Mswahili linadanganyika hapa. Kavad na kabati hazina undugu. Kabati tumelipata kwa Waingereza. Kavad ni neno la Rajasthan, kaskazini-magharibi mwa India, na kuna njia mbili za kulieleza. Wapo wanaolihusisha na kivad, yaani mlango. Wengine wanalihusisha na kanvar, ule mti wa kubebea begani wenye mzigo kila upande, ambao sisi tunauita mzegazega. Ushahidi wa kumaliza ubishi huo ni mwembamba, lakini maelezo yote mawili yanakigusa kitu chenyewe: ni milango, na inabebwa.

Inatengenezwa na maseremala wa jamii ya Suthar katika mji mdogo wa Bassi, karibu na Chittorgarh. Mwenye kuitumia si seremala wala si mwenye nyumba. Ni msimulizi wa kurithi, Kavadiya Bhat, kutoka upande wa Marwar, anayeifunga kwa kitambaa na kuzunguka nayo kwenye nyumba za wafadhili ambao baba yake na babu yake waliwahudumia. Umri wa desturi hii hutajwa kuwa miaka 400. Hiyo ni hesabu ya mdomo, na mbao laini zilizopakwa rangi hazidumu kiasi cha kuithibitisha, kwa hiyo ichukue kama unavyochukua umri wa bibi asiye na cheti cha kuzaliwa.

Kosa langu la viungo ni la kitoto na limekwisha. Lipo la pili lililonikaa zaidi, na nalisikia hata kwa watu wanaojua vizuri kwamba kavad si kabati. Linasema hivi: kavad ni kitabu cha picha cha watu wasiojua kusoma, kila ubao ni ukurasa, msimulizi anaufungua na kueleza kilichochorwa. Linaingia akilini, hasa kwa kuwa wenyewe wanasema wanaisoma kavad. Kitendo hicho wanakiita kavad banchana, na banchana ni kusoma kwa sauti.

Lakini angalia wanachosoma. Picha nyingi ni za mtindo mmoja: mtu juu ya farasi, mwanamke na chungu, mcha Mungu aliyekunja mikono mbele ya aliyeketi. Akili ya kitabu ingetaka kila sura iwe ya mtu mmoja tu. Hapa mpanda farasi hana jina mpaka msimulizi amguse kwa unyoya wa tausi na kumtaja. Ukibaki peke yako na kavad, hata ukiitazama kutwa, hadithi haitoki. Hapo inafaa kukumbuka jinsi sisi wenyewe tunavyolitumia neno kusoma. Tunasoma Maulidi, na wapo wazee wanaoisoma mwanzo hadi mwisho bila kutupia kitabu jicho. Kitabu kikiwapo mbele yao kinaipa shughuli heshima na mpangilio, ila maneno yako kifuani. Bhat naye maneno yako kifuani. Ubao unamwonyesha alipofika.

Na neno hilo, alipofika, ndilo jibu la swali la milango.

Hekalu la Kihindu kwa kawaida hujengwa ili mtu asimfikie mungu mara moja. Kuna lango, kuna ua, kuna ukumbi, kisha mwishoni kabisa chumba kidogo chenye giza, garbhagriha, ambako sanamu imekaa. Anayejua nyumba za mawe za Lamu atauelewa mpangilio huu haraka. Mgeni asiyefahamika anaishia dakani, baraza ya mlangoni. Akiaminiwa kidogo anavuka tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, mpaka kiwanda, yaani ua wa ndani, halafu kuna misana, vyumba virefu vinavyofuatana, na ndani ni ndani, si kwa kila mtu. Kila kizingiti kinakuambia umesogea, ingawa hatua ulizopiga ni chache. Sasa chukua nyumba hiyo, iondolee vyumba, ubaki na milango peke yake. Hiyo ndiyo kavad. Kwa kuwa haina nafasi ya kutembelea, inabidi milango iwe mingi, mara nyingi kati ya kumi na kumi na sita, na kila mmoja unasimama mahali pa chumba.

Ndiyo maana milango miwili ya nje hubeba walinzi waliochorwa, kama langoni mwa hekalu lenyewe. Ukiifungua hujaufunua ukurasa, umepita kwa walinzi. Jinsi inavyokunjuka nako kuna ujanja wake. Fikiria futi ya seremala, ile ya kukunja. Ukivuta kipande kimoja, kingine kinafuata kwa bawaba, na kilichokuwa kimelala ndani kinatokea nje. Mbao za kavad zimechorwa pande zote mbili, kwa hiyo kila unapofungua unaleta sura mpya na kuificha iliyotangulia. Kitabu unaweza kukirudisha nyuma kurasa tatu kuhakikisha jina la mtu. Kwenye kavad kurudi nyuma ni kufunga, na kufunga ni kutoka hekaluni.

Mwisho wa safari, kwa kawaida, ni mungu Rama, Sita mkewe na Lakshmana nduguye. Hapo usimulizi unageuka kuwa kitu kingine, darshan: kumwona mungu na kuonwa naye. Ni kutazamana. Ungeifungua milango yote kwa mkupuo, kama alivyofanya muuzaji wa tangazo langu, ungekuwa umefika bila kusafiri, na kwa mantiki ya kavad hilo ni sawa na kutofika.

Wasimulizi wana kisa kinachoeleza kwa nini safari ije kwa msafiri. Shravan Kumar aliwabeba wazazi wake vipofu kwa mzegazega, mmoja kila upande, kuwapeleka kwenye mahali patakatifu. Njiani wakashikwa na kiu, akaenda kuteka maji. Mfalme Dasharatha, aliyekuwa akiwinda, akasikia mlio wa chungu kikijaa, akadhani ni mnyama, akaachia mshale kwa kufuata sauti. Shravan akafa na hija haikukamilika. Wazazi wakamlaani mfalme afe kwa uchungu wa kutengana na mwanawe. Mwana huyo ni Rama, yuleyule anayekungoja nyuma ya mlango wa mwisho. Sijui kama kuna aliyekaa akaipanga duara hiyo kwa makusudi, lakini kila nikiifikiria nafurahi.

Utasikia pia kwamba kavad ilizaliwa kwa ajili ya watu wa tabaka la chini waliozuiwa kuingia mahekaluni. Kwamba walizuiwa ni kweli. Kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, ningekwenda polepole, kwa kuwa Bhat haleti miungu tu. Anasoma pia shajara ya nasaba ya mfadhili: baba wa nani, babu wa nani, nani alitoa nini. Mfadhili huweza hata kuchorwa humo. Anayesikiliza anawasikia wazee wake wakitajwa jirani na watakatifu, na kwa hilo hata mwenye hekalu mlangoni pake angelipa.

Ukikutana na kavad inayouzwa kama kitu cha kale, anza na kipimo rahisi: je, mtu mmoja angeweza kuibeba vijiji kumi na kuipakata akisimulia? Bassi leo hutengeneza za kutosha kiganjani na za kimo cha mtu, za kupamba sebule. Nyingine ni nzuri sana. Ya kimo cha mtu haijawahi kukaa mapajani mwa Bhat. Kwenye iliyotumika, ningetafuta rangi iliyolika kwenye kingo, pale vidole vinaposhika kufungua, kuliko uchakavu uliotapakaa sawasawa.

Na kile kidroo cha chini nilichokigawia iliki ni cha sadaka. Msikilizaji anatia humo anachotoa, na kwa desturi inahesabiwa kuwa ni ya kulishia ng'ombe.