H ya mwanahisabati na ya mwanabiolojia hazilinganishwi

Msimu wa kupandishwa vyeo ukifika, hapa maktabani nasikia maneno yaleyale: "Huyu wa baiolojia ana h ya 31, yule wa hisabati ana 9. Kuna nini tena cha kujadili?" Kuna mengi. H hiyo, yaani faharisi ya h, huhesabu makala na nukuu pamoja: h ya 9 ni makala 9 zilizonukuliwa walau mara 9 kila moja. Kamati inayolinganisha namba hizo mbili inawaumiza watu, na nimechoka kuliona hilo likipita.

Dhana: faharisi ya h ni mizani moja kwa fani zote.

Aliyeibuni, mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alionya mwenyewe kwamba h hutofautiana kati ya fani na fani, mwaka 2005, katika makala ileile aliyoitambulishia. Kwa wanafizikia aliowapima, aliyeongoza ni Edward Witten, h 110. Upande wa sayansi za uhai, Solomon Snyder alikuwa na 191. Nani atathubutu kusema Witten, mwenye Medali ya Fields ya 1990, tuzo kuu ya hisabati, ni zaidi kidogo tu ya nusu ya Snyder?

Sababu zake zinajulikana. Makala ya baiolojia ya molekuli hubeba marejeleo mengi, huandikwa na kundi la watu, na huanza kunukuliwa upesi. Mwanahisabati huandika peke yake au na mwenzake mmoja wawili, orodha yake ya marejeleo ni fupi, na nukuu huja polepole. Fani ikiwa na marejeleo machache, wote waliomo hunukuliwa kidogo. Grigori Perelman alithibitisha konjektura ya Poincaré kwa maandiko matatu aliyoyaweka arXiv, hifadhi ya wazi ya maandiko mtandaoni, mwaka 2002 na 2003, bila kuyapeleka kwenye jarida lolote. Kwa maandiko hayo matatu, hata yanukuliwe mara elfu kumi kila moja, h haivuki 3.

Mkitaka kulinganisha fani, tumieni kipimo kilichosawazishwa. Chukueni idadi ya nukuu za makala, muigawanye kwa wastani wa nukuu za makala za aina hiyo, fani hiyo na mwaka huohuo. Tuseme makala ya hisabati imenukuliwa mara 12 na wastani wa fani ni 4: jibu ni 3.0. Ya baiolojia imenukuliwa mara 40, wastani ni 40: jibu ni 1.0, yaani iko palepale kwenye wastani wa dunia. Scopus, hifadhidata ya makala za kitaaluma, huitoa takwimu hii ikiwa tayari imepigwa hesabu. Ila mtu akiwa na makala tano au sita, moja tu ikivuma inabeba hesabu yote. Hapo zisomeni makala zenyewe. Nimelisema mara nyingi na nitaendelea kulisema: zisomeni!

Dhana: jarida lenye impakti fakta kubwa lina makala bora.

Impakti fakta ni wastani wa nukuu kwa makala za jarida zima, na kwa kawaida unabebwa na makala chache zinazonukuliwa sana. Yako inaweza kuwa miongoni mwa zisizonukuliwa kabisa. Azimio la San Francisco kuhusu upimaji wa utafiti, DORA, lililoandaliwa mwaka 2012, linakataza wazi kumpima mtafiti kwa namba hiyo.

Dhana: Google Scholar imenipa h kubwa zaidi, basi Scopus imekosea.

Haijakosea. Kila hifadhidata huhesabu kilichomo ndani yake tu. Scholar huokota hadi tasnifu na ripoti. Scopus na Web of Science huchagua majarida, na mengi ya Afrika hayamo. Anayechapisha kuhusu fasihi ya Kiswahili, kwa Kiswahili, anaweza kuonekana hana kitu. Andika jina la hifadhidata na tarehe uliyoangalia. Namba isiyo na hivyo viwili nairudisha.

Dhana: kunukuliwa sana ni kusifiwa.

Makala ya Andrew Wakefield ya 1998, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, ilifutwa na The Lancet mwaka 2010. Imenukuliwa mno, na wengi wanaoinukuu wanaikosoa.

Dhana: nukuu zangu zimeibiwa.

Mara nyingi zimegawanyika tu. Ukiandika Juma A. Mohamed huku, J. Mohammed kule, na Juma Ali pengine, kompyuta inaona watu watatu. Jisajili ORCID, mfumo unaompa kila mtafiti namba yake ya utambulisho; ni bure. Kisha iandike namba hiyo ya tarakimu 16 kwenye kila andiko unalotuma, na uchague tahajia moja ya jina lako kabla ya makala ya kwanza.